Shajara ya mradi: salfa ya baharini mpaka mvua ya Mbeya

Oktoba, tunaanza

Mada imepita. Klabu yetu ya sayansi hapa Mbeya mwaka huu inafanya gesi za salfa zinazotoka baharini, zinavyopanda hewani zikageuka chembe, chembe zikawa viini vya matone ya wingu, na wingu likarudisha mwanga wa jua juu kabla haujafika chini. Hii mada nimeitaka muda mrefu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano ukitaja salfa wanafikiria mbolea ya SA ya kukuzia mahindi, au ile salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kule Mtwara, au volkano, na ukiwaambia kwamba kuna viumbe vya baharini vidogo kiasi kwamba huvioni kwa macho na ndivyo vinasababisha salfa kama tani milioni 27 hivi iingie hewani kila mwaka, darasa zima linaanza kuongea kwa pamoja. Hapo ndipo ninapopapenda.

Mwenzangu wa jiografia aliuliza kwa nini bahari wakati tuna Ziwa Nyasa, tuna ziwa Ngozi, tuna mlima Rungwe, vyote viko hapo jirani. Jibu langu ni upepo. Kusi ikivuma inatoka Bahari ya Hindi inapita kusini kote mpaka inatufikia huku, na msimu wa mvua nao hewa ya Bahari ya Hindi inakutana na hewa ya kutoka Kongo huku huku juu yetu, kwa hiyo mkulima wa Uyole anaishi na bahari hata kama hajawahi kukanyaga mchanga wa pwani. Mwenzangu kakubali na kajitolea kutufundisha ramani za upepo, namshukuru sana.

Ukutani maabara tumebandika karatasi za manila tumezigundisha ziwe ndefu, tumechora mnyororo mzima kuanzia kiumbe cha baharini mpaka wingu na mpaka joto la dunia. Sheria ni hii: mshale wa wino mzito ni kwa kitu ambacho watu wamekipima na kimesimama, mshale wa vidoti ni kwa kitu ambacho bado kinabishaniwa. Hakuna kukolezea mshale kwa sababu tu stori yake ni tamu.

Oktoba mwishoni, hesabu isiyofunga

Kikao cha leo kimeenda chote kwenye swali lililoanzisha utafiti huu, na ni swali la hesabu tu. Mito inapeleka salfa baharini mwaka mzima na bado nchi kavu salfa haiishi, mimea inaipata. Kwa hiyo kuna salfa inarudi kwa njia ya hewa, sasa inarudi kama gesi gani? Zamani wengi walidhani ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza, ila hiyo haidumu kwenye maji yenye oksijeni na tabaka la juu la bahari limejaa oksijeni, na mtu yeyote aliyesimama ufukweni Kilwa au Bagamoyo anajua kwamba hewa ya pale hainuki mayai viza.

Mwaka 1948 Frederick Challenger wa Leeds alikuwa ameshaonyesha kwamba mwani mwekundu unatoa dimethili salfaidi, atomu moja ya salfa katikati na makundi mawili ya methili pembeni, sisi tutaiita DMS kama wanavyoiita wote, na kwamba inatokana na kitu kinaitwa DMSP kilichomo ndani ya seli za ule mwani. Ikabaki hivyo mpaka vifaa vya James Lovelock viliposafiri na meli ya utafiti ya Shackleton kutoka Uingereza mpaka Antaktika na kurudi, mwaka 1971 na 1972, wakawa wanapima maji njiani. DMS ikaonekana huko bahari kuu mbali na mwani wa ufukweni. Mwaka 1972 Lovelock na Maggs na Rasmussen wakaandika kwenye jarida la Nature kwamba mbebaji wa salfa kutoka baharini ni hii gesi.

Binti mmoja wa Kyela akanyoosha mkono, "Mwalimu, mbona ziwa letu halitoi?" Swali zuri kupita yote ya siku. Tukalifanyia kazi pale pale. DMSP kazi yake mojawapo kwenye seli ni kusawazisha chumvi, kiumbe kinachoishi kwenye maji ya chumvi lazima kiwe na kitu ndani kinachozuia maji yake yasinyonywe na chumvi ya nje, na baadhi ya viumbe vya baharini vimechagua DMSP kwa kazi hiyo. Ziwa Nyasa ni maji baridi, kiumbe cha pale hakina shida hiyo, kwa hiyo DMSP yake ni kidogo na gesi yake kidogo. Mshale wa kwanza tumeuchora mzito na yeye ndiye aliyeshika kalamu.

Novemba, viumbe wenyewe

Fitoplanktoni. Wanaelea juu juu mwa bahari wanatumia mwanga wa jua kama mmea wowote. Siyo wote wanatoa DMSP sawa, wale wa aina ya daiatomu wanatoa kidogo, wale wenye magamba ya chokaa kama Emiliania huxleyi na wale wanaoitwa Phaeocystis wanatoa nyingi. Wakiwa wazima DMSP inakaa ndani. Wakiliwa na wanyama wadogo wa baharini, au virusi wakiwapasua, au wakizeeka, inamwagika kwenye maji na hapo bakteria wanaingia kazini, na bakteria wana njia mbili, moja wanachukua salfa wanaijengea miili yao na gesi haitoki, nyingine wanaikata DMSP na DMS inatoka.

Hiki kipande cha njia mbili wanafunzi walitaka kukiruka nikawazuia, maana bila hicho utadhani fitoplanktoni wakiongezeka mara mbili basi gesi nayo mara mbili, na haiendi hivyo hata kidogo. DMS yenyewe ikishatoka kwenye maji bado inaliwa na bakteria wengine na inavunjwa na mwanga, inayofanikiwa kutoroka kwenda hewani ni sehemu ndogo, kama asilimia 10 hivi. Upepo nao una sauti, upepo mkali unatoa gesi nyingi kwenye maji kuliko upepo mpole. Yani kati ya kiumbe na hewa pana mambo mengi sana, na mtu yeyote anayetaka kutabiri kesho ya hiyo gesi lazima ayajue yote.

Kuna ndege pia. Gabrielle Nevitt mwaka 1995 alionyesha kwamba baadhi ya ndege wa bahari za kusini wanaifuata harufu ya DMS, maana panapotoka DMS nyingi mara nyingi kuna wanyama wadogo wanakula fitoplanktoni, na hao ndio chakula cha ndege. Bahari haina alama wala barabara na ndege anajua pa kula kwa kunusa. Tumemchora pembeni ya mnyororo ingawa kwenye tabianchi hana kazi yoyote, nimekubali kwa sababu watoto wamempenda na mimi nimempenda.

Novemba katikati, hewani

Kemia ya hewani ndiyo sehemu yangu. DMS ikifika hewani haikai, siku moja au mbili imeshabadilika. Mchana inashambuliwa na hidroksili, OH, ambayo inazaliwa kwa mwanga wa jua, usiku inashambuliwa na radikali ya naitreti, na sehemu nyingine bromini oksaidi nayo inashiriki. Matokeo yake yanagawanyika. Sehemu inakuwa salfa daioksaidi na baadaye asidi ya salfa, sehemu inakuwa asidi ya methenisalfoniki ambayo kwa kifupi ni MSA.

Mwaka 2020 ikatangazwa nyingine ambayo vitabu vya kemia ya hewa vilikuwa havina kabisa, inaitwa HPMTF, waliiona kwenye vipimo vya ndege ya utafiti ya NASA iliyozunguka juu ya bahari za dunia, na ilikuwa nyingi. Baadaye ikaonekana matone ya wingu yanaimeza hiyo HPMTF, kwa hiyo salfa iliyokuwa iwe gesi ya kutengeneza chembe mpya inaishia ndani ya tone. Nimewaambia wanafunzi waangalie hiyo tarehe vizuri. Gesi ambayo Challenger aliiandikia mwaka 1948, imepimwa tangu 1972, na mwaka 2020 bado inatoa kitu kipya kikubwa kwenye kemia yake.

Tukapiga hesabu ya njia. Kutoka pwani ya Kilwa mpaka Mbeya kwa mstari ni zaidi ya kilomita 600. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unatembea kama kilomita 430 kwa siku. Maana yake DMS iliyotoka karibu na pwani ikifika kwetu nyingi imeshageuka, na iliyotoka mbali zaidi baharini ndiyo kabisa, ila salfeti inayotokana nayo kupitia ile asidi ya salfa inaweza kukaa hewani siku kadhaa mpaka mvua iisafishe. Kwa hiyo sisi huku tusitafute gesi, tutafute salfeti kwenye maji ya mvua. Mradi umepata mwelekeo.

Novemba mwishoni, wingu kwenye chupa

Hili jaribio mtu yeyote anaweza kulifanya. Chupa safi ya maji ya plastiki, maji kidogo ya uvuguvugu ndani, funga, tikisa. Ibinye kwa nguvu halafu iachie ghafla. Hewa ya ndani ikiachiwa inatanuka na kupoa, unyevu unatakiwa ugeuke matone, na ukiangalia kwa tochi ya simu kwa nyuma unaona karibu hakuna kitu. Sasa fungua, washa njiti ya kiberiti, izime, moshi wake uingize ndani, funga tena. Binya, achia. Chupa inajaa weupe papo hapo. Binya, weupe unapotea, achia, unarudi.

Maji ni yale yale na kubinya ni kule kule, kilichoongezeka ni chembe za moshi tu. Bila chembe mvuke hauna pa kushikia, ingebidi unyevu uzidi asilimia 100 mara kadhaa ndipo matone yajitengeneze yenyewe, na angani haifiki huko, mawingu ya kweli yanatengenezeka unyevu ukizidi asilimia 100 kwa chini ya asilimia moja tu. Kila tone la wingu unaloliona juu ya mlima Loleza lina chembe ndani yake. Chembe ya kutosha kuwa kiini cha tone inaanzia kama nanomita 50 mpaka 100, na asidi ya salfa ndiyo moja ya vitu vinavyozijenga, zinaanza na molekuli chache zilizoshikana zikisaidiwa na amonia, zinakua taratibu.

Halafu lile la Sean Twomey wa miaka ya 1970. Ukigawa maji yale yale kwenye viini vingi unapata matone mengi madogo, na matone mengi madogo yana eneo kubwa zaidi la kurudisha mwanga, wingu linakuwa jeupe zaidi. Mkuu wa shule alipita tukamfanyia jaribio, akabinya ile chupa mwenyewe mara nyingi tu na akatupa ruhusa ya kutumia maabara wakati wa likizo.

Desemba, ndoo ya mvua

Mvua zimeanza na ndoo iko kazini. Ni ndoo nyeupe ya plastiki iliyooshwa kwa maji yaliyotoneshwa mpaka maji ya suuza yakipimwa hayaonyeshi kitu, inawekwa juu ya kigoda kwenye uwazi mbali na miti na bati, na inafunuliwa mvua ikianza tu, maana ukiiacha wazi toka asubuhi unapima vumbi la barabara. Maji yanachujwa, yanachemshwa taratibu kwenye bika mpaka lita moja inabaki mililita 20. Kuchemsha huku ndiyo siri yote ya jaribio, mvua ina salfeti kidogo sana na bila kuipunguza hivyo vifaa vyetu haviioni.

Halafu kwenye tyubu, matone machache ya haidrokloriki asidi, unasubiri, halafu bariamu kloraidi. Leo ilikuwa mvua ya kwanza kwanza, ile inayoshuka baada ya miezi ya vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Tone la bariamu kloraidi likaingia, likashuka kama sentimita moja likiwa safi, halafu pembeni yake pakaanza ukungu, ukungu ukatandaa tyubu nzima, mweupe. Bariamu salfeti. Tuna tyubu nyingine zenye salfeti tunayoijua kiasi chake, tunazipanga pembeni juu ya karatasi yenye msalaba mweusi tunaangalia msalaba unafifia kiasi gani kwenye ipi. Nilikaa nimeishika ile tyubu dirishani kwa muda, jamani, hicho kilikuwa kinaelea juu ya vichwa vyetu asubuhi ile.

Januari, inatoka bahari au kwetu?

Shule imefunguliwa na tuna sampuli za kutosha kulinganisha. Mvua za mwanzo zilikuwa na ukungu mzito, mvua za baadaye ukungu ni hafifu, wakati mwingine lazima uweke tyubu kwenye kivuli ndipo uuone. Inaeleweka, anga imeshasafishwa na mashamba hayachomwi tena.

Sasa swali gumu, salfeti iliyobaki ni ya wapi? Maji ya bahari yenyewe yana salfeti, na mawimbi yakipasuka yanarusha chumvi hewani, kwa hiyo sehemu inaweza kuwa chumvi tu haina uhusiano na gesi yoyote. Kuna njia ya kuitoa hiyo. Kwenye maji ya bahari uwiano wa salfeti kwa kloraidi ni ule ule karibu dunia nzima, kwa uzito ni 0.14. Unapima kloraidi kwa silva naitreti, unazidisha na 0.14, unapata salfeti ya chumvi, inayozidi ndiyo isiyotokana na chumvi. Kwetu iliyozidi ipo, kwenye sampuli zote.

Hapo kijana mmoja akasema basi tuchore mshale mzito kutoka baharini mpaka kwenye ndoo yetu. Nikamwambia mwanangu, hesabu vyanzo vingine kwanza. Malori ya dizeli yanayopanda barabara ya Zambia usiku na mchana. Matanuri ya tofali. Mkaa na kuni za jiji zima. Moshi wa mashamba. Vyote vinatoa salfa na bariamu kloraidi haijui salfeti ipi ilitoka kwa fitoplanktoni na ipi ilitoka kwenye ekzosi. Njia za kutenganisha zipo mbili, isotopu za salfa, yani atomu za salfa zenye uzito tofauti, ambapo salfa ya DMS ina salfa-34 nyingi kuliko nyingi ya ile ya makaa na mafuta, au MSA. Mimi napenda MSA. Salfeti ina wazazi wengi, MSA kwa kiasi kikubwa ina mzazi mmoja, DMS. Ukiikuta MSA kwenye mvua ya Mbeya umekuta alama ya vidole ya bahari. Inahitaji mashine ya kromatografia ya ioni, shuleni hatuna, nimeandikia maabara moja ya chuo na wamesema tutunze sampuli kwenye friza. Mshale wa ndoo umebaki wa vidoti.

Februari, mshale wa kurudi

Wiki hizi tumebishana kweli kweli, na hii ndiyo sehemu ambayo naijali kuliko zote.

Mwaka 1987 Robert Charlson, James Lovelock, Meinrat Andreae na Stephen Warren waliandika kwenye Nature wazo ambalo watu wanaliita CLAW kwa herufi za majina yao. Bahari ikipata joto na mwanga zaidi, fitoplanktoni watatoa DMS zaidi, chembe zitaongezeka, mawingu yatakuwa meupe zaidi, jua litapungua kufika chini, bahari itapoa. Viumbe wanatuliza joto la dunia bila kujua. Ukilisikia mara ya kwanza unataka liwe kweli, mimi nililisikia chuoni na sikulala mapema siku ile.

Na kuna vipimo vilivyolipa nguvu. Kituo cha Cape Grim, Tasmania, kinapima hewa safi inayotoka Bahari ya Kusini tangu 1976, na pale DMS, MSA na idadi ya viini vya mawingu vyote vinapanda kiangazi na kushuka wakati wa baridi. Hiyo haibishaniwi. Mshale wa DMS kwenda kwenye chembe, na wa chembe kwenda kwenye wingu, tumeuchora mzito.

Tatizo ni mshale wa kurudi, wa kutoka kwenye wingu kwenda kwa kiumbe. Mwaka 2011 Patricia Quinn na Timothy Bates waliandika kwamba ushahidi haulisimamishi lile duara. Viini vya mawingu juu ya bahari siyo vya DMS peke yake, kuna chumvi ya mawimbi, kuna mabaki ya viumbe yanayorushwa pamoja na hiyo chumvi. Chembe mpya zinazotokana na DMS nyingi hazizaliwi pale pale juu ya maji, maana karibu na maji salfa daioksaidi inamezwa na chembe za chumvi zilizopo tayari, zinazaliwa huko juu zaidi kwenye hewa safi na ya baridi na kushuka baadaye, labda mbali kabisa na fitoplanktoni waliotoa gesi. Halafu kila hatua ya mnyororo inaitikia kidogo, ukibadilisha DMS kwa kiasi fulani chembe zinabadilika kwa kiasi pungufu, na wingu pungufu zaidi. Ongeza kwamba bahari ikipata joto tabaka la juu linakuwa jepesi na linagoma kuchanganyika na maji ya chini yenye virutubisho, kwa hiyo hata kusema joto litaongeza fitoplanktoni huwezi kusema hivi hivi, modeli zenyewe hazikubaliani kama DMS itapanda au itashuka.

Darasa liligawanyika. Upande mmoja ukasema sasa mradi wetu umekufa, kama duara halipo gesi ina kazi gani? Nimewajibu kwa nguvu zangu zote. Duara kukatika hakuondoi mnyororo. Chembe zipo, mawingu yanazihitaji, sehemu kubwa ya bahari iliyo mbali na viwanda inategemea hizo. Mwaka 2013 Ken Carslaw na wenzake walionyesha kwamba kwenye kukadiria mchango wa erosoli, yani hizi chembe za hewani, kwenye joto la dunia kupitia mawingu tangu 1750, asilimia 45 ya kutokuwa na uhakika inatokana na vyanzo vya asili, DMS ikiwemo pamoja na volkano na vingine, yani kubwa kuliko ile inayotokana na vyanzo vya binadamu. Sababu ni rahisi. Huwezi kujua viwanda vimeongeza nini kwenye mawingu kama hujui mawingu yalikuwaje kabla ya viwanda, na kabla ya viwanda bahari ilikuwa moja ya walishaji wakuu wa hewa kwa salfa.

Mshale wa kurudi umechorwa kwa vidoti, kura imepigwa, na walioshindwa wameandika hoja zao pembeni kwa kalamu ya risasi. Nimeziacha pale, ni hoja nzuri.

Februari mwishoni, kifupi

Gesi mbili tumeziongeza pembeni. Karbonili salfaidi, bahari inaitoa yenyewe na pia kupitia gesi nyingine, ndiyo gesi ya salfa iliyo nyingi kuliko zote hewani, kama sehemu 500 kwa trilioni, na kwa kuwa inaishi muda mrefu inafika mpaka stratosfia, lile tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, na kulisha tabaka la salfeti la huko juu. Volkano ya Pinatubo ilipolipuka Juni 1991 iliongeza tabaka hilo kwa ghafla na dunia ikapoa kama nusu digrii kwa muda, volkano zikitulia karbonili salfaidi ni mmoja wa wanaolishikilia. Majani nayo yanaivuta pamoja na kaboni daioksaidi, chai ya Tukuyu na ya Mufindi inaivuta saa hii unaposoma, ila tofauti na kaboni daioksaidi jani haliirudishi, kwa hiyo watafiti wanaitumia kukadiria usanisinuru. Nyingine ni methenithioli, mwaka 2024 watafiti walikadiria inaongeza salfa inayotoka baharini kwa asilimia 25 hivi, zamani haikuhesabiwa kwa sababu ni ngumu kuipima.

Machi, mahindi na siku ya wazazi

Mahindi mabichi yamejaa soko la Mwanjelwa. Toka mwanzo wanafunzi walikuwa wananiuliza DMS inanukaje, wengi wao hawajafika baharini, nikawa nawaambia subirini Machi. Siku ya wazazi tukaweka sufuria la mahindi kwenye jiko la mkaa mlangoni mwa maabara, na kila aliyeingia alifunuliwa kifuniko akaambiwa anuse ule mvuke wa mwanzo mtamu mtamu. Ndani ya harufu hiyo DMS imo, hindi likichemka linaitoa, na kabichi likichemka hivyo hivyo. Wazazi walikuwa wanarudi mara mbili kunusa na hawakuwa na haraka ya kuondoka.

Baba mmoja mkulima wa viazi kutoka Uporoto alisoma mnyororo wote toka mwanzo mpaka mwisho kidole kikifuata mishale, halafu akauliza, "Sasa hiyo gesi ikipungua, mvua yangu nayo inapungua?" Nikamwachia yule binti wa Kyela. Akaanza na shikamoo baba, halafu akamweleza kwamba viini vikiwa vingi matone yanakuwa madogo na yanachelewa kuungana yakawa mvua, kwa hiyo viini zaidi siyo lazima mvua zaidi, na kwamba kinachoamua mvua ya Uporoto kwa sehemu kubwa ni joto la bahari na upepo unaoleta unyevu. Baba akasema marahaba mwanangu, sasa nieleze hilo joto la bahari. Wakasimama pale mpaka mahindi yameiva.

Mama mwingine aliuliza kuhusu meli, alisikia redioni. Tangu tarehe 1 Januari 2020 mafuta ya meli hayaruhusiwi kuzidi asilimia 0.5 ya salfa, kabla ilikuwa 3.5. Salfa kwenye moshi wa meli imepungua, mapafu ya watu wa pwani na bandarini yamepata nafuu, na mistari ya mawingu angavu iliyokuwa inazifuata meli imepungua pia. Kadiri binadamu anavyosafisha salfa yake, sehemu ya asili ndani ya mawingu inazidi kuonekana, na ndiyo maana kuielewa DMS leo kuna maana kubwa kuliko mwaka 1987. Hili nimelisema kwa sauti mbele ya wazazi wote na nitalisema tena.

Aprili, kinachofuata

Maabara ya chuo wamejibu, watapima MSA kwenye sampuli chache bila malipo kama tutazileta zikiwa zimegandishwa. Tunachagua za mwezi wa pili na wa tatu, zile zenye moshi mdogo, na moja ya mvua ya kwanza ya Desemba kwa kulinganisha.

Kusi ikianza mwezi wa tano huku Mbeya mvua zinakatika, ila Mufindi kule wanapata manyunyu na ukungu kwenye miezi ya baridi, hewa iliyopanda moja kwa moja kutoka upande wa Bahari ya Hindi. Mwalimu mwenzangu anayefundisha huko amekubali kuweka ndoo. Nataka sampuli za Juni mwanzoni kabla uchomaji wa mashamba haujapamba moto. Ndoo zimeshaoshwa na kupimwa, zinaenda na basi la Iringa Jumatatu, na nimemwandikia maelekezo kwa herufi kubwa: funua manyunyu yakianza, funika yakikata, andika upepo unatoka upande gani, usiguse ndani kwa mkono, gandisha siku hiyo hiyo.